Katuni Kwenye Kilio cha Mama Baharanyi

Mabanga, Goma. 8 Septemba 2025

Daktari amesema moyo wangu umechoka, na kwamba dawa zitaupa nafasi kidogo tu. Ni kijana mwenye adabu. Aliniambia kwa Kifaransa, akitazama viatu vyake. Nilifundisha Kifaransa na Kilatini maisha yangu yote, kwa hiyo hakuhitaji kurudia.

Tangu siku hiyo watu wanaingia sebuleni na nyuso za kusubiri. Wanangoja niungame. Mzee wa miaka themanini na mmoja, aliyetoka milima ya Masisi akikimbia na kupita chini ya serikali nyingi, hawezi kukosa cha kuungama. Mwanamke wa nje. Ng'ombe wa mtu. Jina alilolitaja mbele ya wanajeshi. Hayo, kama yapo, Mungu aliyaona, na nitazungumza naye uso kwa uso, karibuni.

Mbele ya wanadamu ninaungama jambo moja. Tangu mke wangu Munezero afariki, ninaangalia katuni za Wajapani. Si kwa bahati mbaya, wala si kwa ajili ya kuwatuliza watoto. Ninazichagua, ninazirudia, na baadhi yake zinashinda nusu ya vitabu nilivyowalazimisha wanafunzi kuvisoma. Sitatubu. Ninaandika haya ili mtu asije akasema nilitubu wakati sina tena pumzi ya kumkatalia.

9 Septemba

Mvua ya kwanza ya kweli. Bati limelia tangu mchana. Miguu imevimba.

14 Septemba, Jumapili

Sikwenda kanisani, ngazi zake zinanishinda. Ninakaa kwa mwanangu Modeste, ambaye ni mzee wa kanisa, yaani mmoja wa wale wanaoketi benchi la mbele na kuamua mambo ya wengine. Ni mtu wa kanuni. Akiwa mtoto alikuwa akirudisha chaki aliyookota barabarani. Nilijivunia jambo hilo zamani. Siku hizi linanichosha.

Aliyenitia kwenye katuni ni binti yake, Umwiza, anayesoma chuo. Baada ya mazishi ya bibi yake nilikaa wiki nyingi bila kusema. Siku moja akaniwekea kompyuta mapajani. "Sogokuru," akasema, ndivyo anavyoniita, babu kwa Kinyarwanda, "hauko lazima ya kuongea. Angalia tu." Maneno yalikuwa ya Kijapani, na chini yake maandishi ya Kifaransa yaliyojaa makosa. Makosa yale ndiyo yaliyonifungua mdomo. Nikaanza kusoma kwa sauti na kusahihisha, kisha nikaanza kumtafsiria Umwiza kwa Kiswahili ingawa Kifaransa anakijua. Nyumba zetu ni za mbao. Majirani walisikia upande wa pili, wakaja na viti vyao. Sasa kila Jumamosi mchana sebule inajaa, mimi ninasoma, wao wanabishana na picha.

Wanaouliza katuni zina nini, ninawajibu hivi. Wajapani wanajua kungoja. Mtu anaingia nyumbani, anavua viatu, anavipanga, na mchoraji anatuonyesha yote hayo bila haraka, kama mtu anayeamini kwamba kuingia nyumbani ni jambo kubwa. Wanachora mvuke wa wali. Wanachora mvua kwa heshima: mvua ya asubuhi si mvua ya jioni. Sijaona filamu ya watu halisi, ya Ulaya wala ya kwetu, iliyowahi kunionyesha mvua vizuri namna hiyo.

19 Septemba

Nimegombana na Umwiza kuhusu vijana wanaopiga kelele. Ana mfululizo mmoja anaoupenda, una vipande visivyo na mwisho, na ndani yake kijana mwenye nywele zilizosimama anataja jina la ngumi yake kabla ya kuirusha.

"Sogokuru, hauelewe. Anaita ile jina ili nguvu itoke."

"Mutu mwenye nguvu hatangazi ngumi. Adui atahama kabla haijafika."

"Ni stili yake."

"Ni domo lake."

Alicheka, lakini alinikasirikia kidogo. Kwa haki lazima niandike kwamba mfululizo huo una kipande kimoja kizuri. Hakuna anayepigana. Yule kijana na adui yake wamekwama na mvua chini ya paa la duka lililofungwa, na adui ana kiazi kimoja cha kuchemsha. Wanagawana. Wanazungumza juu ya mama zao. Mvua inapoisha kila mmoja anakwenda zake, na unajua kesho wataumizana. Hicho kitazameni. Vingine ni kelele.

20 Septemba, Jumamosi

Sebule imejaa. Tumeendelea na ile ninayoiita ya Bibi na Mjumbe, ambayo kwa maoni yangu ndiyo ya kwanza mtu aitafute. Bibi kizee anakaa peke yake kijijini. Asubuhi moja Mjumbe wa Kifo anabisha hodi, amevaa vizuri, ana hati mkononi. Bibi anamwambia: ninakuja, lakini kwanza nifagilie ua. Kesho yake: kwanza nipasulie kuni. Kila asubuhi Mjumbe anarudi, na kila asubuhi bibi ana kazi ya kumpa. Anaifanya vibaya sana. Bata wanamfukuza. Mama Baharanyi, jirani yetu anayeuza sambaza, dagaa za ziwani anazozichukua soko la Kituku alfajiri, leo amecheka mpaka akaomba maji. Tulikatiza Mjumbe akiwa amepewa kapu la vitunguu amenye, kwa sababu betri iliisha.

23 Septemba

Habineza, mtoto wa Mama Baharanyi, amekufa leo asubuhi. Alikuwa anaendesha pikipiki ya kubeba abiria. Ni lori, kwenye barabara ya Sake. Alikuwa mtoto wake wa mwisho aliyebaki hai.

26 Septemba

Ninaandika polepole kwa sababu nataka niandike yaliyotokea, si yanayosemwa.

Kwetu, mtu akishazikwa, jamaa na majirani wanakaa kilio nyumbani kwake mpaka siku ya kuosha mikono. Kabla ya siku hiyo hakuna muziki, hakuna mzaha, na aliyefiwa hacheki. Mtoto mdogo akicheka anatolewa nje. Mimi mwenyewe nimewatoa watoto wa watu nje.

Habineza walimzika juzi, kwenye kiwanja kilicho nyuma ya kanisa letu. Mama yake alirudi, akakaa kwenye godoro chini, akanyamaza. Hakulia. Hakula. Hakuweka hata maji mdomoni. Leo ilikuwa siku ya tatu, na wanawake walikuwa wamemshikia kikombe cha uji hadi mikono ikawauma. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Modeste alinipeleka, nimeegemea bega lake, akaniweka kwenye kiti karibu na godoro, kisha akaenda kwenye mkutano wa wazee wa kanisa.

Nilikaa. Sikusema pole, pole zilikuwa zimejaa mle ndani. Baada ya muda Mama Baharanyi akanigeuzia macho, akasema kwa sauti kama ya mtu aliyekula vumbi:

"Muzee. Ule mujumbe, alimaliza kumenya vitunguu?"

Wanawake wakatazamana. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu barabara ya Sake.

Nilikuwa na dakika ya kuamua. Ningeweza kumwambia: mama, hilo tutaliona siku nyingine. Nilimtuma Umwiza akalete kompyuta.

Tuliiweka juu ya godoro. Nilisoma kwa sauti ndogo. Mjumbe wa Kifo anamenya vitunguu, macho yanamwasha, anaanza kutoa machozi, na kwa kuwa hajawahi kulia tangu dunia iumbwe anadhani anaumwa. Anamkimbilia bibi: ninakufa, ninakufa! Bibi anampa kitambaa, anamwambia, "Kaa. Itapita. Na ukimaliza hivyo kuna vingine stoo."

Mama Baharanyi alicheka. Si kicheko kidogo. Kilitoka tumboni, kikamtikisa mabega, kikajaa nyumba, na katikati yake kikageuka kuwa kilio, kilio kile tulichokuwa tunakingoja siku tatu. Alilia akimwita mtoto wake kwa majina yote aliyompa tangu utotoni. Kisha akanyoosha mkono, akachukua uji, akanywa.

Ila waliokuwa nje walisikia kicheko tu. Na mlangoni, akiwa amekuja kuongoza maombi, alikuwa amesimama Pasta Zéphirin.

27 Septemba

Mvua. Hakuna aliyekuja na kiti chake.

30 Septemba

Modeste hakukaa hata chini.

"Papa, batu banasema nini huko nje, unajua?"

"Batu wanasema kila siku."

"Banasema ulileta Kifo katika kilio. Kifo chenyewe, kimechorwa, kinavaa karavati!"

"Si karavati. Ni kanzu yao ya heshima."

"Papa!"

"Mama Baharanyi alikunywa uji, Modeste. Muulize."

"Uji si jambo. Kuna namna ya kufanya mambo."

Kwa mara ya kwanza niliona mwanangu ana mvi nyingi kuliko mimi.

5 Oktoba, Jumapili

Umwiza amerudi kanisani analia kwa hasira. Wametutenga, mimi na Mama Baharanyi. Imesomwa mbele ya wote: kudharau kilio kwa michoro ya kishetani. Aliyetengwa hashiriki Meza ya Bwana, haimbiwi na kwaya, vijana wa kanisa hawamchimbii kaburi. Na hazikwi katika kiwanja cha kanisa.

Munezero amelala katika kiwanja hicho. Kushoto kwake kuna nafasi waliyoniachia, nimeiona mwenyewe, wanapanda maua pale ili isivamiwe.

Njia ya kurudi tunaijua wote. Unasimama mbele ya kanisa Jumapili, unataja kosa lako kwa mdomo wako, pasta anatangaza umepokelewa, na watu wote wanapita kwa mstari kukupa mkono. Mimi natakiwa niseme sentensi moja tu: michoro ile ni kazi ya shetani, naikataa.

8 Oktoba

Mama Baharanyi amekuja na sambaza zilizofungwa kwenye jani la mgomba. Alibaki amesimama.

"Muzee, unisamehe. Nilienda kwa pasta jana. Nilisema ni shetani alinichekesha. Jumapili batanipokea."

"Kaa kwanza."

"Bakiendelea kunitenga, Habineza nitamuangalia namna gani? Kiwanja kiko na mulango, na mulango uko na funguo."

"Nakuelewa, mama. Ulifanya vizuri."

Alikaa. Alitazama kompyuta iliyofungwa juu ya meza.

"Lakini kile kicheko kilikuwa changu, Muzee," akasema. "Shetani hakunijua hata siku moja. Ule bibi, yeye alinijua."

Simlaumu hata kidogo. Yeye ametoa alichoombwa ili amwone mtoto wake. Lakini amekitoa mdomoni tu. Nikisema na mimi sentensi ile, mimi niliyemsomea, basi kitakuwa kimetoka kweli. Kicheko chake kitaandikwa kwa jina la shetani na hatabaki mtu wa kushuhudia kwamba si hivyo.

10 Oktoba

Usingizi ni wa kuketi, mito mitatu mgongoni. Nikilala chali ninazama.

15 Oktoba

Leo nimepata nguvu, nikamwomba Umwiza aweke ile ya Majivu. Hii ni filamu, si mfululizo, na ni kubwa kuliko zote nilizoziona. Kijiji kiko chini ya mlima unaotoa moshi. Kila asubuhi watu wanafagia majivu juu ya mapaa, juu ya kabichi, juu ya makaburi. Kwa karibu saa nzima hakuna kinachotokea, wanafagia tu. Serikali inawaambia wahame. Wengine wanahama. Mwanamke mmoja anabaki, anafagia pia mapaa ya waliohama, ili wakirudi wasikute nyumba zimeanguka. Mlima haulipuki. Hilo ndilo ninalolipenda. Mtu mwingine yeyote angeulipua.

Sisi tunaolala chini ya volkano ya Nyiragongo hatuhitaji kufafanuliwa filamu hii. Tunahitaji tu kuambiwa kwamba kuna mtu mbali sana anayetujua.

Ile nyingine anayoipenda Umwiza, ya wapenzi wagonjwa na maua yanayoanguka, ninasema wazi ni upuuzi. Machozi makubwa kama mayai. Mimi ninakufa kweli, na sijaona ua hata moja.

Nilipogeuka, Modeste alikuwa amesimama mlangoni, mfuko wa kazi mkononi. Sijui alikuwa pale tangu lini. Aliuliza, "Na wale waliohama, walirudi?"

"Kaa uone."

"Niko na mukutano," akasema. Lakini alichelewa kuondoka.

17 Oktoba

Pasta Zéphirin amekuja. Lazima nieleze kwamba nilimfundisha Kilatini, na alikuwa mwanafunzi mzuri. Hana roho mbaya. Ana kanisa la watu waliofiwa kila juma, na anaogopa kwamba akilegeza kamba moja yote itafunguka. Ninamwelewa zaidi kuliko anavyodhani.

Alishika mkono wangu. "Mwalimu, sitaki kukutesa. Kutembea hauwezi, kusimama hauwezi. Usiseme kitu. Jumapili nitasema mimi mwenyewe: Muzee Nsanzimana amejuta kitandani mwake. Wewe unyamaze tu. Nafasi yako kando ya Mama Munezero itakuwa wazi."

"Ninyamaze tu?"

"Tu."

"Na watu watajua nimejuta nini?"

"Watajua umejuta."

Nilimwambia nimechoka, nitamjibu. Nilikuwa nimejiandaa kukataa kusema. Sikujiandaa kwa mtu atakayeniomba ninyamaze.

18 Oktoba

Siku nzima nimewaza habari za Munezero. Miaka hamsini tulilala kila mmoja upande wake, mimi ukutani, yeye karibu na mlango kwa sababu ya watoto. Ninaogopa kulala mahali asipokuwepo. Naandika hivyo hivyo, ninaogopa. Kunyamaza ni rahisi. Hata mgonjwa anaweza.

Lakini najua angeniuliza swali moja tu: "Na ule mama wa sambaza, ulimuacha na nani?" Hakuwa mtu wa maswali mengi.

19 Oktoba, Jumapili

Nimewaambia vijana wa jirani wanibebe na kiti. Umwiza alitembea kando akishika mwavuli. Modeste alikuwa ametangulia, hakujua. Tulipoingia kwaya ilikuwa inaimba, ikapoteza sauti ya pili.

Pasta alidhani nimekuja kurahisisha mambo. Nilimwona akifurahi, na ilinisikitisha. Aliniweka mbele, akatangaza kwamba Muzee anataka kuungama. Nikasema hivi, kwa kadiri ninavyokumbuka, nikipumzika kila baada ya maneno machache:

"Ndugu zangu. Naungama kwamba ninaangalia katuni za Wajapani. Si zote nzuri. Za vijana wanaopiga kelele, waachieni vijana. Za maua yanayoanguka, msipoteze umeme wenu. Lakini iko moja ya kijiji kinachofagia majivu, na ninyi mliofagia majivu ya mlima wetu, iangalieni kabla hamjafa. Na iko moja ya bibi anayempa Kifo kazi za nyumbani."

Mtu alicheka nyuma. Akajizuia.

"Hiyo ndiyo niliyoileta kwenye kilio. Niliileta kwa kusudi. Mama alikuwa siku tatu bila maji. Sote tulikuwa pale na vikombe vyetu na zaburi zetu, na alikuwa anatutoka. Kicho kwenye kilio nakijua, nilifundishwa na baba yangu. Lakini kilio kimewekwa ili aliyefiwa asimfuate maiti. Kama kanuni inamwachia njia ya kumfuata, basi nitaivunja, na mkinipa siku nyingine nitaivunja tena. Kicheko kile hakikuwa cha shetani. Nilikuwa karibu nacho kuliko ninyi. Asiseme mtu kwamba nilijuta."

Zéphirin alifunga Biblia yake. Alisema taratibu, "Kanisa halijasikia toba." Kwa hiyo hakuna aliyetakiwa kusimama kunipa mkono.

Mama Baharanyi akasimama. Alikuwa amepokelewa Jumapili moja tu iliyopita. Alitembea kutoka upande wa wanawake, kitenge chake cha kilio kikiwa bado kiunoni, akanipa mkono, mikono yote miwili, mbele ya pasta. Nyuma yake akaja kipofu wetu mpiga ngoma, akiongozwa. Kisha wanawake kadhaa wa Jumamosi. Wengine, walio wengi, walibaki wameketi wakitazama vitabu vya nyimbo.

Modeste alibaki kwenye benchi la mbele. Nilipita karibu naye nikibebwa. Alikuwa anatazama sakafu.

20 Oktoba

Leo nina nguvu ya sentensi hii moja tu.

22 Oktoba

Wazee wa kanisa wameamua. Nafasi ile imefungwa. Mama Baharanyi wamemwonya, lakini mlango wa kiwanja hawakumfungia. Nadhani Zéphirin aliona haya, na ninamshukuru. Nimeuliza kama Modeste alipiga kura. Umwiza aligeuka kupanga mito, basi nimejua.

26 Oktoba, Jumapili

Modeste hakwenda kanisani. Aliketi kwenye kiti cha wageni, kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Papa, niliinua mukono pamoja nao."

"Najua."

"Sheria ni sheria. Nilifikiri hivyo. Halafu nikarudi nyumbani, sikuweza kula." Alijifuta uso. "Nitawaambia banifute na mimi. Kama wewe hauingii mule, na mimi siingii."

Hapo nilikasirika, kwa nguvu ambazo sikujua ninazo.

"Na mama yako umwache na nani? Sote tumtoke? Akae mule na wageni peke yao?"

"Papa..."

"Wewe baki kanisani. Uwe mzee wa kanisa, uzeeke, ulale pale mahali pangu siku yako ikifika. Hiyo ndiyo kazi ninayokupa. Mimi nitakwenda Mugunga kwa Donatille."

Donatille ni binti yangu mkubwa. Ana kiwanja kule ukingoni mwa mji, na alishasema kwenye simu, bila kulia, kwamba nyuma ya jiko kuna mahali pa kutosha.

"Mugunga ni mawe tupu," akasema Modeste.

"Nimetembea juu ya mawe maisha yangu yote."

"Sisemi hivyo. Nani atachimba? Vijana wa kanisa hawatakuja. Na lile jiwe la volkano si la kuchimba siku moja. Utakufa asubuhi, tukae na wewe juma nzima tukipiga nyundo?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Tulitazamana, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze sikuona kwake mtu wa kanuni. Niliona mtu anayepiga hesabu ya kazi.

29 Oktoba

Mvua. Modeste ameondoka alfajiri na mtaimbo, nyundo kubwa na chakula. Hakusema anakwenda wapi.

4 Novemba

Donatille amepiga simu akipaza sauti juu ya kelele za nyundo. Kaka yake yuko nyuma ya jiko lake tangu wiki iliyopita. Ameomba ruhusa kazini kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Amefika kiunoni. Majirani wamekasirika, wengine wameitisha kikao. Kwetu kaburi halichimbwi mtu akiwa hai. Kaburi likikaa wazi, wanasema, linatafuta wa kulijaza, na linaweza kukosea mlango likamchukua mwingine.

"Na Modeste anasemaje?" nimeuliza.

"Modeste ametoka mule shimoni, Papa, vumbi mpaka kope. Akawaambia: 'Linamungoja baba yangu, na atalikuta limenyooka. Wenye kutaka lao, balete nyundo yao.'"

Modeste. Mrudisha chaki.

Donatille alisogeza simu karibu na shimo nisikilize. Nilisikia chuma kikigonga jiwe, kikitulia, kikigonga tena. Alipiga vibaya, kwa haraka, kama mtu ambaye hajawahi kufanya kazi ya mikono. Nilitaka kumwambia aelekeze mtaimbo kwenye ufa kwanza, ndipo apige, lakini pumzi haikutosha.

Umwiza ameleta kompyuta, betri imejaa, anauliza niangalie nini leo. Nimemwambia aizime, anishikie simu sikioni.